Mwizi na Mnunuzi Wake



Jioni moja ya juma lililopita nilipanda matatu ya kwenda Kawangware. Kabla hatujatoka katikati ya mji wa Nairobi tulikwama kwa wingi wa magari, na madirisha yalikuwa wazi. Ghafula mkono uliingia, ukanyakua simu ya mama aliyeketi mbele yangu, na kijana akatoweka. Mama yule alilia, kwani fedha za biashara yake zilikuwamo. Wasafiri wakapaza sauti kwamba kijana akikamatwa achomwe moto.

Kesho yake mwenzetu kazini, mtu wa heshima na mwenye mshahara, alituonyesha simu nzuri aliyoinunua njiani kwa bei ya chini mno, isiyo na risiti wala kasha. Tulimsifu kwa ujanja wake. Hata mimi nilimsifu, na usiku usingizi ukanipaa.

Watu husema kwamba wizi watokana na ukosefu wa kazi, ulevi na malezi mabaya. Hayo ni kweli, lakini si yote. Kijana wa Kangemi au wa Kawangware haibi simu ili aitafune. Huiba kwa sababu ajua kwamba kabla ya kucha atampata wa kuinunua. Sisi wenye mishahara ndio tumlipao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria haikumsahau mnunuzi. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya chasema kwamba apokeaye mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, aweza kufungwa hata miaka 14.

Basi tufanyeje? Usinunue simu pasipo risiti ya duka. Bonyeza *#06#, nawe utaona namba ya tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kasha. Zikitofautiana, iache. Nawe mzazi, mwanao akileta nyumbani kitu kisicholingana na kipato chake, muulize wewe kabla umati haujamwuliza. Moto humwua mtoto wa mtu, na soko la wizi hubaki palepale.

Nimemwambia mwenzangu aipeleke simu ile kituo cha polisi. Amenuna, wala hanisalimu. Heri anune yeye, kuliko mama mwingine alie.