Tuandikieni Omu Kwenye Kebo

Ukiomba kebo ya XLR ya dijitali kwenye maduka ya Luthuli Avenue, mara nyingi unaletewa ile ile ya maikrofoni. Muuzaji hana nia mbaya. Plagi ni moja, pini ni tatu, na ganda ni lile lile jeusi. Ndiyo maana nataka wanaotuuzia kebo waandike ukinzani wake kwa omu, pale pale panapoandikwa bei.

Mimi hufunga mitambo ya sauti makanisani, kuanzia Kangemi hadi Dagoretti. Ndani ya kebo ya maikrofoni mna nyaya mbili zilizosokotwa, na wavu wa shaba wa kuzikinga. Sauti hupita kwenye nyaya zote mbili, ya pili ikiwa kinyume cha ya kwanza. Mvumo wa stima ukizivamia huingia kote sawasawa, kwa hiyo mikisa ikitoa moja kwa nyingine, mvumo unafutika na sauti inabaki. Hapo omu hazisumbui, kwani sauti tunayoisikia haizidi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde.

Dijitali nayo hutumia nyaya mbili, ila kinachopita ni mapigo ya tarakimu. Kwa kiwango cha AES3, cha tangu 1985, sauti inayopimwa mara 48,000 kwa sekunde hupeleka biti zaidi ya milioni 3 kila sekunde. Kiwango hicho kinataka kebo ya omu 110, na nyingi za maikrofoni ziko chini ya hapo. Omu zisipolingana, sehemu ya kila pigo hurudi nyuma na kuvuruga yanayofuata, hadi mashine inayopokea inashindwa kuyatenganisha.

Kinachowapoteza mafundi ni kwamba kebo fupi hukubali. Mita 2 kati ya mashine zilizo kwenye rafu moja hazina neno. Vuta mita 60 kutoka nyuma ya ukumbi hadi madhabahuni, ndipo utajua. Kanisa moja la Kangemi lililoniita, mahubiri yalikuwa yakikatika: tak, tak, kimya, halafu sauti inarudi safi kabisa. Wazee walikuwa wameshanunua spika mpya na sasa wanachangisha pesa za amplifaya. Nilibadilisha kebo peke yake, na mahubiri yakasikika hadi mwisho. Inaniuma, kwa sababu wanaotoa sadaka pale ni mama mboga, na akina dada wanaopanda hadi Lavington kufulia watu nguo.

Kebo ya omu 110 ukiitumia kwa maikrofoni itafanya kazi vizuri, ila huwa ghali zaidi. Anayekwambia itaing'arisha sauti ya mwimbaji asikuchukulie pesa.

Kamati za kanisa, kabla ya kulipa, someni maandishi yaliyochapwa kwenye ganda. Ikiwa 110 haipo na fundi wenu anataka kupitisha dijitali ukumbi mzima, mwambieni muuzaji atafute nyingine.