Kasi Moja, Maana Mbili

Aghalabu wanaokishuku Kiswahili katika uga wa sayansi huuliza iwapo kina maneno ya kutosha. Swali hilo limekwisha kuchakaa. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na ioni na molekuli zimekwisha kupata uraia. Lililo zito ni iwapo maneno hayo, yakiwekwa katika sentensi moja, yataeleweka.

Chukua spektrometa ya tungamo inayotumia uionishaji wa kikemia, mbinu iliyoasisiwa na Munson na Field nchini Marekani mwaka 1966. Humo, ioni hugongana na molekuli za gesi inayochunguzwa na kuzipa chaji. Mtaalamu asiye na sampuli ya kulinganishia, akitaka kujua kiasi cha gesi hiyo, sharti akokotoe jinsi mmenyuko huo unavyotukia upesi. Msingi wa hesabu uliwekwa na Mfaransa Paul Langevin mwaka 1905. Ioni iendayo polepole hunasa hata molekuli zilizo mbali. Iendayo mbio hupita karibu na nyingi, lakini hunasa za jirani tu. Mambo hayo mawili hufutana, na jibu, ambalo kwa kawaida hukaribia sehemu moja ya bilioni ya sentimita ya ujazo kwa sekunde, halibadiliki.

Sasa mwanakemia ayaandike hayo: kasi ya mmenyuko haitegemei kasi ya ioni. Sarufi ni safi, ila msomaji amepotea, kwa kuwa kasi ya kwanza si mwendo hata chembe. Ni kipimo cha matukio kwa muda. Kwa molekuli zenye ncha za umeme, kama za maji, hali ni mbaya zaidi. Hizo hukokotolewa kwa fomula ya Su na Chesnavich ya mwaka 1982, na baridi huzifanya zinaswe kwa urahisi zaidi. Yaani kasi ikipungua, kasi huongezeka!

Heri kasi ibakie kwa mwendo, na mmenyuko upewe kima, neno ambalo wafanyakazi wamelizoea katika kima cha chini cha mshahara. Watakuwapo watakaocheka kwamba kima ni mnyama. Paa naye ni mnyama, wala hakuna mwenye nyumba aliyehofu kwamba paa lake litatorokea mwituni. Wanaisimu wasilikate shauri hili peke yao; wamwite mwanakemia, naye aje na sentensi zake, si orodha ya maneno.