Bwana Shamba Anasema: Paka Naye Hupata Kichaa



Paka ni askari wa ghala. Huku Masasi na Newala analinda mahindi, karanga na mbegu zisiliwe na panya. Lakini wengi hudhani kichaa ni cha mbwa tu. Sivyo. Paka aking'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye huugua. Kisha huweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumparura. Ugonjwa umo katika mate.

Paka wa hatari ni yupi? Ni yule asiyechanjwa, anayezurura usiku na kupigana. Paka mpole akigeuka mkali ghafla, au akitokwa mate mengi, usimshike. Mwite bwana mifugo.

Mtoto aking'atwa, usipake majivu. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, dakika 15. Najua huku juu Newala maji ni ya shida. Siku hiyo usiyabanie. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, akachomwe sindano. Usingoje dalili. Dalili zikianza, dawa haipo.

Kuanzia 2010 hadi 2015 ilifanyika kampeni ya chanjo mikoa ya Mtwara na Lindi. Lakini mbwa na paka wengine huzaliwa kila mwaka. Siku ya chanjo ikitangazwa, mtie paka wako tengani, mpeleke.