Fyekeo Butu

Masika yamepita, na nyasi zimefunika makaburi ya wazee wetu hapa Ndau. Ijumaa tulikwenda kuyafyekea kwa fyekeo butu. Tuliongeza nguvu pahala pa makali. Likateleza, likapita upana wa kidole tu kando ya mguu wa kijana aliyekuwa karibu nasi. Tuliona haya.

Nyumbani tulilibana ubaoni, tukalipitisha tupa kwa kusukuma upande mmoja, tukiufuata mshazari wake wa awali, hata likang'aa.

Katika hadithi ya Shaddad bin Aws, Mtume (S.A.W.) aliamrisha mchinjaji anoe kisu, mnyama asiteseke. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, mwenzetu je? Basi tunoe kabla ya kutoka.

Wabillahi tawfiq.