Kuzamishwa kwa I'm Alone

Tangu Januari 1920, Marekani ilipoharimisha pombe kwa sheria ya dola, hadi Desemba 1933 amri hiyo ilipotanguliwa, bahari ya mwambao wake ilijaa vyombo vilivyotia nanga nje ya mipaka, vikingoja mashua za kasi zije usiku kuchukua shehena; nayo mapatano ya 1924 baina ya Uingereza na Marekani yaliruhusu chombo kisimamishwe na kupekuliwa, maadamu hakikuwa mbali na pwani kuliko mwendo wake wa saa moja.

I'm Alone, jahazi lililoundwa Lunenburg, Kanada, lilitoka Belize na shehena ya pombe mwezi Machi 1929, likafukuzwa na walinzi wa pwani tangu karibu na Louisiana, hata tarehe 22, nahodha John Randell alipokataa katakata kusimama, likapigwa mizinga na kuzamishwa yapata maili 200 kutoka nchi kavu. Baharia mmoja alifariki. Waliosalia walipelekwa New Orleans katika minyororo.

Sitetei magendo, lakini kitendo kile kilikuwa dhuluma. Waamuzi walithibitisha mwaka 1935 kwamba wenye chombo kwa hakika walikuwa Wamarekani, wakawanyima fidia ya jahazi na ya shehena. Hata hivyo waliitaka Marekani iiombe radhi Kanada na kuilipa dola 25,000, mbali na fidia ya nahodha na mabaharia. Naistahi hukumu hiyo, kwani haikumtwika baharia dhambi ya tajiri aliyeketi salama bara.