Chai ni ya Kunywa

Kijana wa Ujiji anayemwagia karatasi chai ili ionekane ya kizamani anafanya kichekesho, lakini mimi sicheki. Anaishi katika mji ambao karatasi huzeeka zenyewe. Vumbi jekundu, unyevu wa ziwa, mende na mchwa huifanya kazi hiyo bure, ndani ya masika mmoja. Bado anachemsha majani ya chai, analowesha karatasi mpya nyeupe, anaianika kwenye kamba na kuingoja iwe na sura ya barua iliyosahauliwa kwenye dari la nyumba fulani Ulaya. Nyumba yao yeye haina dari la namna hiyo. Ina sanduku la bibi chini ya kitanda, na sanduku hilo hajawahi kulifungua.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze. Watu huuita shajara ya sanaa. Unachukua daftari, na ukurasa mmoja mmoja unaujenga kwa matabaka. Chini kabisa unabandika vipande vya karatasi vilivyochanwa kwa mkono: gazeti, kurasa za kitabu kibovu, noti za muziki. Juu yake unapaka rangi nyeupe nyepesi ili kuyafifisha maandishi bila kuyaua. Kisha inakuja rangi, mihuri, picha, uzi, kitambaa. Mwisho kabisa unaandika. Ukurasa ukikauka huwa mnene na mgumu, na jicho linazama ndani yake badala ya kupita juu. Ni sanaa nzuri. Naipenda, na ndiyo maana naigombania.

Ugomvi wangu ni juu ya kile tunachobandika. Fungua pakiti zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya kazi hii: mnara wa Paris, stempu za malkia, waridi, barua za mapenzi za Kifaransa ambazo hakuna mtu aliyewahi kumwandikia mtu, tiketi za treni ambayo haikuwahi kusafiri. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na stesheni bado imesimama pale chini karibu na bandari. Lakini msichana wa Mwanga anabandika tiketi ya bandia ya treni ya Ulaya, huku tiketi ya mjomba wake aliyetoka Tabora imeshafungiwa karanga.

Katika warsha moja niliyowahi kuhudhuria, mshiriki alileta karatasi iliyokuwa imefungia dagaa. Ilikuwa ukurasa wa daftari la shule, hesabu za mtoto zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na mafuta yameingia pembeni. Mwezeshaji akamwambia aitoe, itachafua kazi. Akapewa karatasi ya kahawia iliyochapishwa madoa. Madoa ya kuchapwa! Doa halisi likatolewa mezani ili doa la kiwandani lipate nafasi.

Najua jibu linalokuja: “Hii ni burudani tu, inatuliza akili, tuacheni.” Sawa, akili itulie. Lakini hebu tujiulize kijana wa miaka 22 ana mamlaka kamili wapi. Darasani yuko mtahini. Kazini, akiipata, yuko bosi. Mtandaoni wako wafuasi. Ukurasa wa shajara ni mahali pachache ambapo hakuna anayemsimamia, na hapo ndipo anapochagua kuwa mpangaji katika kumbukumbu za watu wengine.

Wanaoiga uzee wa Ulaya wangeshangaa kujua kwamba moja ya kurasa mashuhuri zaidi za matabaka duniani ilipita hapahapa Ujiji. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika nchi ya Manyema ng'ambo ya ziwa. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Akachukua gazeti la The Standard la London, toleo la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza upande, na kuandika shajara yake kwa kukatiza juu ya habari zilizochapwa. Wino wake ulikuwa wa rangi iliyotokana na mbegu, ile ambayo Kiswahili kinaiita zingifuri. Gazeti, kisha rangi ya mmea, kisha mwandiko wa mtu mgonjwa: hayo ni matabaka matatu. Oktoba ya mwaka huohuo aliwasili Ujiji, akiendelea kuandika.

Hakuna hata tabaka moja kati ya hayo lililowekwa kwa ajili ya urembo. Kila moja linasema jambo la kweli: kwamba karatasi ilikuwa haba, kwamba gazeti la London lilikuwa limechukua muda mrefu kufika pale, kwamba wino uliokuwepo ni ule ulioota porini. Na katika kurasa hizo kuna tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo wafanyabiashara wa utumwa waliwafyatulia risasi watu sokoni Nyangwe. Waliuawa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Habari hizo zilipofika Uingereza zilitia nguvu shinikizo lililomalizika kwa mkataba wa 1873 na kufungwa kwa soko la watumwa Zanzibar. Habari hizo ziliandikwa kwanza juu ya karatasi chafu ya gazeti.

Baadaye Livingstone alinakili habari zake katika daftari safi, na mwaka 1874, yeye akiwa ameshakufa, Horace Waller akazihariri na kuzichapisha kama kitabu. Lakini zingifuri ilikuwa imefifia kiasi kwamba kurasa za gazeti zenyewe zilikuwa karibu hazisomeki. Ilibidi wataalamu wazipige picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule usioonekana kwa macho, ndipo mwaka 2011 maandishi yakatolewa hadharani. Wakalinganisha na wakakuta tofauti, hasa katika yale aliyoyaandika kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe. Nakala safi ilikuwa imelainishwa. Ukurasa mchafu ndio uliokuwa umehifadhi mashaka.

Sisemi tumwige Livingstone. Amejengewa mnara Ujiji, hahitaji na ukurasa wangu. Nasema jambo jingine, na ndilo linaloniuma: tunaijua siku ile ya Nyangwe hasa kwa sababu mgeni mmoja alikuwa na gazeti kuukuu na mbegu nyekundu. Wanawake waliouawa sokoni hawana majina katika ukurasa ule. Wao wenyewe wangeandika nini? Wangebandika nini? Hatutajua kamwe. Na sisi, ambao tunajua kusoma, tuna kalamu na tuna gundi, tunabandika waridi.

Mtu akiniambia kwamba vifaa vyetu ni duni, namtajia Rosemary Karuga. Huyu alizaliwa Kenya mwaka 1928, akasomea sanaa Makerere, akawa mwalimu, na umri ukiwa umekwenda akarudi kwenye sanaa bila fedha za kununulia rangi. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogovidogo na kutengeneza picha: wanawake, wanyama, shughuli za kijijini. Alifariki mwaka 2021 akiwa ametambuliwa kama mmoja wa mabingwa wa kolaji Afrika Mashariki. Karatasi ya sabuni haikumshusha hadhi. Ukitazama kazi zake unaona rangi kwanza, kisha unatambua kwamba rangi hiyo ilikuwa jikoni kwenu.

Sasa tazama upande wa pili. Shajara za matabaka kutoka Afrika Mashariki ambazo dunia inazifahamu zaidi ni za nani? Ni za Peter Beard, Mmarekani aliyeishi nje kidogo ya Nairobi na kujaza madaftari kwa picha, magazeti, mifupa na damu. Wasanii wa Kenya walimchorea pembezoni mwa kurasa, na jina linalouza kazi hizo minadani ni lake. Nyingine ni za Dan Eldon, aliyezaliwa London mwaka 1970 na kukulia Nairobi, mpiga picha wa Reuters aliyeuawa na umati Mogadishu tarehe 12 Julai 1993 akiwa na miaka 22. Kurasa zake zilichapwa kitabu mwaka 1997, na vijana wengi duniani walianza shajara kwa sababu yake. Siku ile aliuawa pamoja na Hansi Krauss, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Nani anayajua majina hayo mawili?

Simlaumu Eldon. Alibandika alichokiona: vibandiko vya chupa, noti, picha za marafiki, Nairobi yake. Ndicho hasa ninachokitaka kwetu. Kinachonichoma ni kwamba mitaa yetu imeingia kwenye shajara mashuhuri kupitia mikono ya wengine, na vijana wetu wanapoanza za kwao wanaihama mitaa hiyo.

Hebu tuhesabu yaliyopita mbele yetu. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji, na MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaliana. Mji unaokula dagaa na migebuka ulikaa bila mitumbwi kutoka usiku. Pale Kibirizi, ambako dagaa huanikwa, kulikuwa na nini mahali pao? Bei ya fungu ilikuwa kiasi gani wiki ya kwanza, na ya kumi? Mama lishe aliandika nini kwenye ubao wake badala ya samaki? Takwimu za serikali zitabaki. Ubao utafutwa. Ukurasa mmoja wenye karatasi ya dagaa wa mwisho, bei iliyoandikwa kwa kalamu na tarehe, ungekuwa na thamani kuliko minara yote ya Paris iliyobandikwa mwaka ule.

Basi nitasema jinsi ya kufanya, maana kulalamika peke yake hakubandiki kitu.

Gundi: pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, upoe, upake kwa brashi kiasi kidogo sana. Ukipaka nene umewaandalia mende karamu. Anika ukurasa mpaka ukauke kabisa kabla ya kufunga daftari.

Tabaka la kwanza: karatasi iliyokuwa na kazi kabla hujaikuta. Gazeti lililofungia maandazi, mfuko wa unga, lebo iliyotoka kwenye kitenge cha Kongo, tiketi ya basi la Kasulu. Kama ni kipande cha kanga iliyochakaa, usilikate jina lake ukabaki na maua. Jina ndilo sauti ya aliyeivaa.

Rangi: mkaa uliosagwa, udongo wa kilimani, masizi ya sufuria. Mawese pia, lakini kwa tone. Mafuta hufanya karatasi ipitishe mwanga, kwa hiyo pale tone lilipoanguka, maandishi ya upande wa pili yatajitokeza. Hilo ni dirisha, na hakuna duka linaloliuza. Weka karatasi kavu nyuma yake yasije yakasambaa.

Risiti: hapa uwe mwangalifu. Risiti ya mashine ya EFD haina wino. Imechorwa kwa joto, na joto na mwanga vitaifuta. Nakili bei na tarehe kwa kalamu pembeni yake siku hiyohiyo. Zingifuri ya Livingstone ilipofifia walipatikana watu wa kuileta chini ya taa zao. Ya kwako ikififia hakuna taa itakayokuja.

Na kanuni moja juu ya zote: tabaka la juu lisimzibe mdomo wa chini. Ukibandika hesabu za mtoto asiyekujua, ficha jina lake, lakini acha hesabu zisomeke. Ukiandika maoni yako, acha mahali ambapo sauti iliyokutangulia inaonekana. Ukurasa ambao kila kitu cha chini kimepakwa rangi mpaka kikatoweka una tabaka moja tu, hata ungekuwa mnene kama tofali.

Wapo watakaosema kurasa za namna hii hazitapendeza kwenye simu. Huenda. Karatasi ya dagaa inanuka, na picha haibebi harufu. Lakini mjukuu atakayefungua sanduku lako chini ya kitanda hatauliza ulipata wafuasi wangapi. Atataka kujua mlikuwa mnakula nini, kwa bei gani, nani alikuwa akija na boti, na mlikuwa mnaogopa nini. Waridi la kiwandani halina jibu.

Chai kunywa. Kisha chukua risiti iliyo mfukoni mwako, andika tarehe pembeni, na uibandike leo kabla haijafutika.