Mule za gato: tununue pamoja, zitengenezwe hapa hapa



Kuna watu watauliza: gazeti ya walimaji inaingia namna gani katika mambo ya gato? Jibu letu ni fupi. Gato ya feti inakula mayai, maziwa, ndizi mbivu ao marakuja, na vyote hivyo vinatoka kwetu. Ni unga ya ngano njo inatoka mbali. Kila mara mama wa kwetu anapika gato ya ndoa, ya ubatizo, ya komunio ao ya diplome, mayai yetu yanapata soko bila kupita kwa mchuuzi.

Na soko hilo tunalihitaji. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, banki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Pesa mkononi imekuwa ngumu. Lakini watu hawakuacha kuoana, na watoto hawakuacha kubatizwa. Feti zimekuwa ndogo, lakini ziko.

Kinachowazuia bamama wengi si kutojua kupika. Ni mule. Zile nzuri zinatoka inje, zinauzwa kwa dola, na gato ya ndoa inaomba mule tatu za ukubwa tofauti. Mama anaingia deni mbele hajauza hata gato moja. Mwenye kukosa anaazima kwa jirani, ao anashika kopo lolote lenye anaona.

Sisi tunasema: hakuna sababu kila mama anunue zake. Tuchukue mfano. Kikundi kiko na bamama 20. Kila mmoja akinunua mule 3, ni mule 60. Feti nyingi zinaangukaka jumamosi, na hata hiyo jumamosi si wote 20 wako na komande. Kikundi kikinunua mule 12, ni kusema seti 4 za tatu tatu, zinatosha kwa wiki nyingi za mwaka. Pesa ya zile 48 zingine ingekuwa inalala chini ya kitanda. Afazali inunue kuku wa mayai.

Tena tusikimbilie mule za ngambo. Goma iko na wafundi wa mabati wenye wanatengenezaka babula kila siku. Fundi mwenye kujua kukunja bati anaweza kukunja mule. Tumupelekee vipimo vilivyoandikwa: upana santimetre 20, 25 na 30, kimo santimetre 8, kingo zimesimama wima, maungio yamekunjwa bila kulehemu. Kikundi kikiomba 12 kwa mara moja, kiko na nguvu ya kusikilizana bei kuliko mama mmoja mwenye kuomba moja.

Lakini hapa tuwe wakali. Bati la nyumba limefunikwa na zinki, haifai kugusana na chakula, zaidi kama ndani kuna marakuja ao ndimu. Kopo la rangi ao la mafuta ya motokari, hapana kabisa. Vyombo vya alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu navyo viko na hatari: watafiti waliopima sufuria za namna hiyo kule Kameruni walikuta ndani mwake plombe, ile ya batiri, yenye inaharibu akili ya watoto. Tuombe alumini mupya ya kipande, ao makopo ya chakula. Yale makopo ya mafuta ya kula ya litre 4, yenye yanakuyaka na msaada, wafundi wameshayageuza taa na vitu vingi. Yanaweza kuwa mule pia, kama upande wenye maandishi unabaki inje na ndani ni safi bila kutu.

Jambo lingine ni hesabu, na hapa bamama wengi wanapoteza. Mule ya 30 si nusu zaidi ya mule ya 20. Kama kimo ni kimoja, inabeba mara mbili na robo. Gato yenye ilikula mayai 4 katika mule ya 20 itakula mayai 9 katika ile ya 30. Mwenye kuomba bei ya nusu zaidi anamuzawadia mteja mayai, sukari na makala. Kama haumini, jaza mule ndogo maji, umimine katika kubwa, uhesabu ni mara ngapi.

Kuhusu makala, mule za pamoja zinasaidia tena. Bamama wawili wenye komande siku moja wanaweza kupikia pamoja: sufuria kubwa, mawe madogo ya lava chini, mule juu yake, mufuniko na makala juu ya mufuniko. Moto moja, gato mbili. Kila gunia ya makala yenye tunaacha kununua ni miti yenye inabaki imesimama Virunga.

Tunajua watu watasema: kitu cha wote hakina mwenyewe, mule zitapotea. Ni kweli, zitapotea kama hakuna kanuni. Kwa hiyo kila mule ipigwe namba na fundi. Mtu mmoja azichunge, na daftari lake liandike nani amebeba, siku gani, na irudi lini. Mwenye kubeba anaacha garanti kidogo na analipa kodi ndogo, na hiyo kodi njo itanunua mule zingine. Ikirudi imepindika, garanti inabaki. Bamama wenye wanachungaka sanduku la likelemba bila kupoteza franka hawawezi kushindwa na mule 12.

Katika mkutano unaokuja, tunaomba kila kikundi kiweke jambo hili kwenye ajenda, kichague mama mmoja wa kuuliza bei kwa wafundi wawili ao watatu, na kifanye hivyo mbele ya mwezi wa kumi na mbili. Noeli ikifika, kila mtu atatafuta mule siku moja, na bei haitatungojea.